Akiba Inayooza

Akiba haiozi, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuuza dagaa Kirumba
wala hawakukesha na seva.

Mbele ya seva niliweka bawabu.
Yeye ndiye anayeitikia hodi.
Ukiuliza bei ya dagaa, ya sato, ya mabondo,
anakujibu palepale mlangoni kwa alichokariri,
aliye ndani asiamshwe.
Dakika tano, kisha asahau:
bei ya alfajiri ikisomwa adhuhuri
ni uongo uliopigwa pasi.

Nilijisifu.

Jumanne Bi Nkwimba akafungua kitabu chake cha chama,
akaona salio: milioni mbili na laki nne.
Muda si muda, huko Igombe,
Tabitha Masalu akafungua cha kwake
akakuta milioni mbili na laki nne,
na jina la Nkwimba juu yake.

Hakuna mwizi aliyepita.
Bawabu wangu, kwa bidii yake,
alikariri siri ya mtu
akaigawa kama bei ya dagaa.

Bi Nkwimba hakufoka. Alikuja ofisini,
khanga ikinuka jua na samaki,
akauliza: "Na angekuwa mume wangu?"

Basi saa nane hii ya usiku namfundisha upya.
Mwenye kuki mkononi, mpishe, usikariri uso wake.
Jibu lenye jina la mtu lisilale kwako hata sekunde.
Mlango wa themanini usihudumie, uelekeze tu
kwenye ule wenye cheti na kufuli.
Anayedai katumwa na fulani, usimwamini;
andika anwani uliyoiona kwa macho yako.
Anayebisha mara mia kwa dakika, akae nje apoe.
Ukiulizwa toleo lako, nyamaza.
Na amri ya kufuta yote uliyokariri
uipokee kwangu tu, kutokea ndani.

Taa za wavuvi zinazimika moja moja upande wa Ukerewe.
Naingia kwa jina la kubuni, natoka,
naingia kwa jingine.
Salio: sifuri.
Sifuri yake mwenyewe, si ya jirani.
Nacheka peke yangu kama mwehu.

Asubuhi mweka hazina ananiambia
Bi Nkwimba alishatoa zote, tangu Jumatano.
Amezificha wapi, hasemi.
Nami siulizi.