Sita Iliyopinduliwa

Tarehe kumi na nne, usiku wa manane,
redio inataja bei, mimi nimeshika ngazi.
Kazi yangu ni hii: kupanda, kung'oa tarakimu,
kutundika nyingine, kushuka.
Kituo cha mafuta, barabara ya Lamu, Malindi.
Nina sanduku la mbao lenye namba za bati.
Tisa zimekwisha. Nilikuwa nazo mbili tu,
moja imekwenda kwa petroli, moja kwa dizeli,
na mafuta ya taa yananingoja.
Nikachukua sita, nikaipindua.

Kwetu vita vilianza hivyo.

Mapigano yenyewe yako kwenye mlango-bahari
ambao jina lake silitamki sawasawa.
Meli zimetia nanga, matumbo yamejaa,
nahodha hathubutu.
Mlango si wetu, ufunguo si wetu,
bawabu hatujawahi kumpa hata kikombe cha kahawa.
Umefungwa huko,
na huku anayegongewa ni Nyevu,
na mwenye nyumba wa Maweni, tarehe tano.

Nyevu ana pampu kando ya Sabaki,
nyanya nusu eka, na mchicha.
Huja alfajiri na dumu la manjano la lita tano,
kizibo chake gunzi.
Mwezi ule alijaza.
Uliofuata akasema, tia tatu.
Baadaye hakutaja lita tena, alitaja pesa:
"Tia ya mia mbili," huku akitazama pembeni
kama anayenunua dawa ya aibu.

Nimejifunza uchumi kwa kusimama kando ya dumu.
Dizeli ikipanda, nyanya hunywa kidogo.
Kinu cha Barani kinasaga siku tatu kwa wiki.
Lori la unga kutoka Mombasa
hupandisha bei likiwa bado Kilifi.
Shekuwe wa chumba cha baridi amezima jenereta,
changu na tafi wanauzwa kabla ya adhuhuri, bei ya kutupa,
na jioni hakuna samaki.
Rahisi na adimu, siku moja, soko moja.

Meneja anasema shilingi nayo imechoka,
kwamba mafuta hununuliwa kwa dola
na dola hununuliwa kwa chai, kwa maua,
kwa mtalii ambaye safari hii hakuja
maana ndege nayo hunywa.
Akaniandikia hesabu nyuma ya risiti.
Niliielewa chini kabisa, pale kwenye jumla.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Hawakusema lolote juu ya anayetegemea
cha mtu asiyemjua, kipitacho mlangoni
kwa watu wanaogombana.

Mchana, juu ya ngazi, bati linaniunguza vidole.
Jua lote hili!
Linakausha chumvi Gongoni bila kudai dola,
linapasua rangi ya kibao,
na sisi tumeketi chini yake tukingoja meli.
Nilimwambia meneja. Akasema, paneli nazo zatoka ng'ambo.
Nikanyamaza.
Jua halitoki ng'ambo, nilimjibu,
lakini siku ya pili, peke yangu, nikifagia.

Sasa redio inasema wamepeana mikono.
Mlango umefunguliwa, nusu.
Nimepakata sanduku nikingoja kuirudisha sita
isimame kwa miguu yake.
Kumi na nne moja imepita. Ya pili imepita.
Kupanda, bei ilikimbia; kushuka, inahesabu vidato.
Nyevu hajaja. Dumu lake aliniachia:
"Niwekee. Nitalifuata likiwa na maana."

Jana fundi Dzombo alikuja kuchomelea mguu wa kibao.
Yeye ndiye aliyeongeza nafasi ya tatu
mwaka ule bei ilipovuka mia; kabla yake zilikuwa mbili.
Akainua miwani yake ya kuchomelea,
akapima kwa macho pale kushoto palipo wazi.
"Nikuwekee na ya nne kabisa?"
Akacheka.
Mimi nilishikilia ngazi.