Kilo Mbili za Maji

Kituo cha majani mabichi, chini kidogo ya Tukuyu.
Mvua ya tangu Jumapili bado haijachoka.
Kompyuta yangu iko juu ya kreti la soda,
simu ya karani mezani, mizani inaning'inia boritini,
na kati yao hakuna waya.
Hatua kumi. Hapo ndipo sauti yao inapoishia,
mnong'ono wa jirani kwa jirani juu ya ua wa migomba.

Naandika: tafuta.
Simu inachungulia hewani, inarudi na majina:
SALUNI YA BUPE. REDIO MWASOMOLA. KIFAA KISICHOJULIKANA.
Halafu, kwa kusitasita, MIZANI-3.
Naandika: unganisha.
Inaulizwa namba ya siri. Sifuri nne,
siri ambayo hata mbuzi wa jirani anaijua.
Kilo kumi na nne nukta sita zinaruka,
zinatua kwenye kioo kabla karani hajapepesa jicho.

Nikapiga makofi peke yangu.

Kisha wakaja wachumaji, vikapu mgongoni,
wakajipanga kati ya mizani na mimi.
Kioo kikaandika: mawasiliano yamekatika.
Nikakagua mstari kwa mstari. Nikaongeza muda wa kusubiri,
sekunde tatu, sekunde tano.
Nikalaani betri. Nikalaani ukungu.
Ukungu hauna kosa.
Mwalimu alishatuambia kule Iyunga, nami nikisinzia:
mawimbi haya hufia majini,
na binadamu ni ndoo ya maji inayotembea.
Ukuta wangu alikuwa Subilaga. Mabega yake
yalikuwa yakizimeza kilo zake mwenyewe.

Nikaitundika simu kwenye msumari, juu ya vichwa.
Ikashika.

Karani Asegelile akanivuta pembeni.
"Fundi, niongezee kamstari kamoja.
Kila kikapu, toa mbili. Majani yamelowa,
kiwanda hakinunui mvua."

Kamstari kamoja, kafupi kuliko jina langu:
uzito = uzito - 2
Nikakaandika. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

Subilaga alikuwa ametundika kikapu: kumi na moja na robo.
Anachuruzika, kuanzia kitambaa cha kichwani
mpaka nailoni aliyojifunga kiunoni,
mpaka ncha za vidole, nyeusi kwa utomvu.
Maji ya majani yanakatwa.
Haya ya mgongoni, yanapimwa kituo gani?

Nikafuta.
Nikaandika mwingine, ambao hakuna aliyeniomba:
tangaza.
Yaani mizani isimnong'oneze mtu mmoja tena,
iseme kwa kila simu iliyo ndani ya hatua kumi.

Kwenye mifuko ya nailoni, ndani ya vifua, vikalia vidude
kama vyura wa Kiwira.

Asegelile hajasikia. Amelowesha kidole mate,
amefunua daftari, ameandika kwa kalamu: tisa na robo.
Subilaga anatazama simu.
Anatazama daftari.
Hasemi kitu, ila hajashusha kikapu,
na nyuma yake foleni imeacha kusogea.