Chumvi

Maweni, Malindi. Dama kapasua tumbo la betri:
seli thelathini na tisa, tatu zimeota chumvi.
"Bahari imezila," asema, azing'oa kwa koleo.

"Lakini kesho betri itapikwa kwa chumvi yenyewe,
hii hii ya Gongoni.
Itajaa kabla hamri halijageuzwa karaini."

Mimi muuza maziwa; kesho nimezisikia nyingi.
Nauliza tu: hiyo mota yake
itapanda daraja la Sabaki na madumu mawili,
upepo ukinipiga uso?

Hajibu. Achomelea waya, afunga,
azungusha gurudumu kwa kidole.
Lavuma kama nyuki aliyeshiba.

"Shika baiskeli yako. Ikizima njiani, kanyaga.
Miguu bado haijatolewa toleo jipya."