Bustani Namba Arobaini na Saba

Zenon alistaafu siku ya Ijumaa.
Jumatatu alfajiri nilimkuta jikoni, amevaa viatu vya kazi,
anautazama mlango kama mtu aliyesahau alikotumwa.
Miaka thelathini na minane ya kutengeneza tramu,
na sasa hana cha kutengeneza ila mimi.
"Twende bustanini," nikamwambia.

Bustani yenyewe ni kipande tu, nyuma ya reli, hapa Toruń:
hatua ishirini kwa kumi na tano,
kibanda cha mbao, pipa la mvua, mplamu mmoja
unaozaa mwaka huu na kununa mwaka ujao.
Mwezi wa Machi ardhi bado imeuma meno.
Zenon anaipima kwa futi kamba, anachora ramani,
anaandika: vitunguu hapa, viazi pale, mke asikanyage.
Mimi nakanyaga.

Upande wa pili wa ua yupo Wacław.
Hatusemezani naye, huu mwaka wa kumi na moja,
tangu alipokata tawi la mplamu lililovuka mpaka.
Tawi lilikuwa na maua. Hilo ndilo Zenon asilolisahau.
Wanapalilia wamepeana migongo, wazee wawili,
wanapiga chafya kwa vumbi lile lile.

Juni, Ludmiła akapiga simu kutoka Uswidi:
Kajetan ameng'oka jino la kwanza. Njooni.
Tukaenda Julai, wakati mbaya kabisa,
matango ndiyo kwanza yanaanza kukimbizana.
Zenon alifunga kufuli, akalijaribu mara tatu,
akaaga kila tuta kwa jina la mmea wake.
Mabegi mawili: moja la nguo,
moja la chupa za jamu zilizovishwa soksi.
Usiku, ndani ya feri, hakulala.
"Unadhani kule imenyesha?" ananiuliza,
kana kwamba mimi nalala na mawingu.

Mjukuu wetu anacheka Kiswidi, analia Kipolandi.
Kwa hiyo tulimwelewa vizuri alipoumia.
Siku ya nne babu na mjukuu waliifungua baiskeli yote,
wakaiunga tena, skrubu moja ikabaki mezani.
Baiskeli inakwenda. Skrubu ipo mfukoni mwa Zenon hadi leo.

Ludmiła ameanza kuota mvi.
Nilimwona akizisukuma chini ya kofia, nikanyamaza.
Mama hustaafu kila kazi
isipokuwa ya kutazama.

Wiki tatu. Redio ikasema nyumbani halijaanguka hata tone.
Zenon alirudi kama anayekwenda mazishini.

Kufuli lilikuwa mahali pake.
Na ndani, kijani. Kijani cha kufuru.
Udongo umelowa, na mpira wa maji usio wetu
umepenya chini ya ua, bado unadondoka.
Kwenye ngazi ya kibanda, matango yaliyopitiliza,
ya manjano, manene kama mikono ya waoka mikate,
yamepangwa kwa urefu, dogo hadi kubwa.
Anayepanga vitu hivyo hapa tunamjua mmoja.

Zenon alisimama. Nikahesabu treni mbili zikipita.
"Kwenye vitunguu kazidisha maji," alisema hatimaye.

Usiku ule alichachua yale matango machache yaliyokuwa bado mabichi,
kwa shibiti, kitunguu saumu, jani la mcheri,
na chumvi aliyoipima mara mbili.
Baada ya siku kumi akatua chupa moja juu ya nguzo ya ua
akarudi mbio, zile mbio za goti bovu.

Asubuhi chupa ilikuwa pale pale,
tupu, imeoshwa, inang'aa.
Kifuniko hakipo.
"Mwizi!" alisema Zenon, akatafuta kofia yake nzuri,
akachana nywele alizobakiza,
akaenda kukidai.