Siku Mbili za Kuchimba

Hapa Goma kaburi halichimbwi, linavunjwa.
Serubungo alikuja na mtarimbo, nyundo mbili
na mtoto wake wa kubeba maji.
Akagonga ardhi kwa kisigino, akasikiliza
kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake.
"Hili jiwe la elfu mbili na mbili," alisema.
"La ishirini na moja ni jepesi, lina matundu.
Hili litataka siku mbili, na sabuni ya kunawa."

Nikaketi juu ya ndoo nikihesabu mapigo,
maana nyumbani hakukukalika.
Nyumbani walikuwa wanamgawana bibi yangu.

Tantine Uzamukunda, wa shirika,
alishamweka toharani, miezi michache tu,
kwa sababu ya ulimi wake na majirani;
misa tatu zimelipiwa, risiti imo ndani ya Biblia.
Ntakwinja, wa kanisa la turubai kule Ndosho,
toharani haijui: ni juu au ni chini,
na alipotaja chini alitazama sahani yake.
Maalim Asumani alileta mkaa, magunia mawili,
akasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea,
akaomba chai, akakaa mpaka usiku.

Bibi mwenyewe alikwisha kuniambia,
usiku ule umeme ulipokatika
na wingu juu ya Nyiragongo likawa kama kaa lililopulizwa.
"Unauona ule mlango? Mle wanatupwa
walioishi bila kuapa.
Wanachochea chungu ambacho hawatakila.
Sisi tulioingizwa tunapanda Karisimbi,
kwenye baridi, kwenye weupe.
Yuko bwana kule, aliuawa na nyati.
Jina sikuambii, wewe hujaingizwa.
Iko pombe ya mtama, na kiko kisichozimika."
Rozari ilikuwa shingoni mwake.
"Na Bikira?" nikamwuliza.
"Naye atapanda. Si ana miguu?"

Alasiri ya siku ya pili Serubungo aliniita.
Shimo lilikuwa limemfika kifuani.
"Shika," akanipa kipande cheusi,
upande mmoja kimekunjamana kama uji ulioganda.
Kilikuwa baridi. Nikakigeuza, nikakigeuza.
Basi huu ndio moto wenyewe,
wa Bibi na wa Ntakwinja,
ulioshuka Januari ile ukakatisha mjini,
ukala kanisa kuu, ukala cherehani ya mama,
ukaingia ziwani unapiga kelele,
kisha ukachoka.
Na sisi tukaurudia.
Tukaujengea kuta, vyoo, madarasa.
Watoto wanauanikia sare za shule,
maharage yanaota kwenye nyufa zake.
Mji mzima umelala juu ya jehanamu iliyopoa,
na wafu wetu tunawatia humo humo,
kwa mtarimbo, kwa bei ya kupatana.

Sikumwambia mtu. Nani angenijibu?

Jeneza lilikuja kwa chukudu,
vijana wanne wakiizuia kwenye mteremko.
Padri alinyunyiza maji; mawe yakayanywa mara moja.
Ntakwinja alilia kuliko imani yake inavyoruhusu.

Alfajiri, kabla ya misumari,
nilikuwa nimeingiza mkono chini ya kitenge:
kiko chake, na tumbaku ya franka elfu moja,
nikavibana kwenye kwapa, pale alipozoea kuficha pesa.
Kiberiti nilikisahau.
Bado kinanisumbua, hicho kiberiti,
ingawa naambiwa huko moto haukosekani,
au hauhitajiki.

Watu walipoondoka nikamwuliza Serubungo
Karisimbi iko upande gani.
Akaelekeza mtarimbo kwenye wingu.
"Pale. Ikitaka, inaonekana."
Tukasimama tukingoja, sijui dakika ngapi.
Haikutaka.
Akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko,
mtoto akammiminia maji, yakatiririka meusi,
na mimi nikatoa sabuni.