Mkaa Haukuoga

Jumamosi, Mukuru kwa Reuben, saa tatu asubuhi.
Mabati ya darasa yameanza kulia kwa joto
na nilikuwa nimewaambia kila mtu aje na chake:
chupa moja tupu. Kisu kibaki nyumbani.

Wakaja.
Nekesa na mkaa wa kuomba kwa muuza chapati,
vipande sita ndani ya karatasi ya unga.
Abdinoor na kokoto za relini, mifuko yote miwili imejaa,
kaptula anaishikilia kwa mikono.
Mbithe na pamba aliyoichomoa mtoni,
si mto huu unaonuka nyuma ya vyoo vyetu,
ule wa kulalia,
akaniapia kwamba mama yake hatahisi.
Mchanga tulipewa na fundi wa ghorofa lile la ng'ambo.
Alitupa debe moja, akasema tumwombee.

Nikakata vitako vya chupa, nikazisimamisha kichwa chini.
Pamba shingoni. Mkaa uliopondwa.
Mchanga laini, mchanga wa chembe nene, kokoto juu.
"Ardhi nayo," nikasema, "hufanya hivihivi bila kelele.
Mvua ikizama, kila tabaka hubakisha lake."
Nilijipenda nilivyolisema.

Tukamimina maji ya mto Ngong,
rangi ya chai iliyolala sufuriani.
Watoto arobaini na mmoja wakanyamaza,
heshima ambayo hesabu haijawahi kuipata.

Tone.

Tone.

Yakatoka meusi.
Meusi kuliko yalivyoingia,
meusi ti, kama oili ya gereji.

Kicheko kilichopasuka pale kilifika hadi kwa kinyozi.
Abdinoor alianguka magoti akitafuta pumzi,
kokoto zilizobaki zikamwagika.
Hata mimi, miaka kumi na mmoja nikifundisha sayansi,
nilicheka huku masikio yakiniwaka.
Nekesa peke yake hakucheka.
Alichovya kidole, akakigeuzageuza mwangani, akasema,
"Mwalimu, mkaa haukuoga."

Haukuoga.
Basi tukauosha. Tukausuuza mara ya tano, mara ya saba,
tukausuuza na mchanga, tena kwa maji ya kununua,
shilingi ishirini mtungi
(ndiyo, kinaya chenyewe nilikiona,
usinikumbushe).

Saa sita na robo, tone moja angavu
lilining'inia kwenye mdomo wa chupa,
likasitasita,
likaanguka.

Mbithe alishatoa kikombe. Nikamshika mkono.
"Haya bado si ya kunywa. Ni ya kwenda jikoni yakachemke.
Kilichobaki humu hakionekani,
na ndicho kinacholaza watu hospitalini."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa saa mbovu.
"Sasa siku nzima tumetoa nini?"
"Tunachokiona," nikasema.
"Na tusichokiona?"
"Moto."
Alilifikiria neno hilo. Kikombe hakukirudisha mfukoni.

Aliyebaki kufagia ni Kilonzo,
yule ambaye baba yake husukuma mkokoteni wa mitungi
kuanzia kabla ya adhana hadi taa za barabara ziwake.
Alifagia mkaa, akafagia mahali palipokwisha kuwa safi,
kisha akauliza akiutazama ufagio:
"Kila nyumba ikiwa na chupa kama hii, mwalimu,
baba atauza nini?"

Nina shahada. Nina vyeti viwili vya semina.
Nilishika dawati upande mmoja, naye akashika wa pili,
tukalirudisha mahali pake.

Jumatatu alifika na kigunia begani, shati limelowa mgongoni.
Mchanga wa Machakos, umeoshwa
hadi ukiufumbata hauachi hata vumbi kiganjani.
"Baba amesema ule wa fundi una saruji," akaniambia.
"Amesema pia anataka kuja kuona mnavyopanga.
Lakini si Jumamosi.
Jumamosi watu hufua, ndiyo siku yake ya kuuza."