Maji Yaliyosimama

Kazi yangu ni kuinama.
Nainama chini ya viyoyozi vya watu,
maji yanapotona usiku kucha
ndani ya ndoo iliyokwisha rangi.
Nachota kwa kata nyeupe, nainua juani:
wamo. Wanajipinda, wanajikunjua,
koma ndogondogo zilizokosa sentensi.

Hapa Sib mvua yenyewe ya kuhesabu, watu husema,
mbu atoke wapi?
Anatoka kwako, Bwana Khalfan,
kwenye tairi unalolitunza tangu gari liuzwe,
kwenye kisahani cha mrehani,
kwenye birika la mbuzi aliyechinjwa tangu Idi.
Wiki moja ya kusahau
yatosha kumpa mabawa.

Rafiqul hubeba dawa mgongoni.
Kwao ni Silheti, mto huingia ndani bila hodi,
naye huyacheka maji yetu ya kisahani.
"Dada," huniambia, "kwetu adui ni mto.
Kwenu adui ni kikombe."

Alhamisi twenda bwawani,
kule maji machafu ya mji yanakosafishwa,
na heroe husimama kwa mguu mmoja
kama makarani wanaongoja saa ya kutoka.
Pale hatupulizi moshi.
Mhandisi Thuraiya hakubali:
"Ukiua kila kitu, wa kwanza kurudi ni mbu."
Basi twakata matete ya ukingoni,
twanyunyiza punje za dawa penye kivuli,
na samaki wa falaji, urefu wa kidole gumba,
twaiachia njaa yao ifanye kazi ya serikali.

Lakini wenye nyumba wanataka moshi.
Moshi unaonekana.
Gari hupita magharibi likinguruma,
watoto nyuma yake mbio, mashati usoni,
na kesho yake simu: Ahsanteni, Baladia.
Hakuna apigaye simu kushukuru
kwa ndoo iliyopinduliwa.

Jumatatu zamu ikaangukia mtaa wetu.
Nyumba ya kumi na moja, mlango wa kijani;
najua unapokwama, najua pa kuupiga teke.
Mama akaitazama kofia yangu.
"Umekuja kama mwanangu au kama Baladia?"
"Kama Baladia."
"Basi bisha hodi."

Nikabisha.

Chini ya mkunazi, mtungi wa udongo
alioununua Bahla, yeye na marehemu baba,
mwaka walioshuka kwenye ndege na sanduku moja
na lugha ambayo jirani hakuijua.
Huujaza kwa ajili ya shorewanda.
Thawabu, asema, haina likizo.
Nikatia kata. Nikainua.
Nilipofika thelathini nikaacha kuhesabu.

"Unguja tulilala na mbu," akasema,
"na tukaamka."
"Wengine hawakuamka, Mama."

Akashika ukingo wa mtungi.
Ana dada mmoja ndani ya picha,
gauni la Idi, miaka sita,
na hajawahi kuwa na saba.

Fomu yangu ina visanduku viwili:
Mwaga. Faini.
Nikaandika pembeni, pasipo kisanduku,
kwa herufi ambazo msimamizi hatazisoma: nitarudi.

Maji ya siku ile tuliyamwaga kwenye mchanga,
mimi nikiuinamisha mtungi, yeye akihimiza:
taratibu, utauvunja, taratibu.
Jioni nikaja kama mwanawe,
sikubisha, nikaupiga mlango teke,
mkononi mfuko wa plastiki
na samaki wawili wakizunguka humo
kama wageni wasioonyeshwa pa kukaa.

Akawatazama wakizama kwenye maji mapya.
Mmoja akamwita Baladia.
Na huyu wa pili?
"Huyu hana cheo. Huyu anakula tu."

Sasa kila alfajiri hunipigia simu,
hata salamu hatangulizi:
"Baladia kaamka. Kanenepa.
Na wewe,
umekula?"